Bilali wa Ukumbi wa Clairwood

Baba Kasongo amekufa, na Hajji Sefu bado mzima. Habari ya kwanza niliipata kwa Beatrisi, binti wa marehemu, katika ujumbe wa sauti wa nusu dakika kutoka Durban. Ya pili sikuhitaji kuletewa, maana Hajji Sefu hajawahi kuwaacha watu wasahau kwamba yuko hai. Wiki hiyo hiyo alikuwa amejitangaza mtandaoni, kavaa kofia nyekundu yenye kishada cheusi, kaegemea gari, na chini yake maneno marefu kuhusu heshima ya mababu. Nilikuwa dukani kwangu hapa Tanga, nakata kioo cha picha ya mahafali, na niliposikia sauti ya Beatrisi ikisema "Papa alituacha jana asubuhi," niliweka kioo chini nikakaa. Mteja aliuliza kama kimevunjika. Nikamwambia hapana. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza jambo ambalo sijamweleza mtu yeyote hapa Tanga, na nikilinyamazia zaidi nitafanana na wale ninaotaka kuwasema. Sitasimulia nilizaliwa wapi wala nilifikaje Afrika Kusini. Habari hizo kila mmoja wetu anazo na zote hufanana. Nitasimulia mwaka mmoja tu, 2010, nilipokuwa na miaka ishirini na saba. Mwaka huo niliwadharau watu wengi, na karibu wote walistahili, na kabla haujaisha nikawa mmoja wao.

Karakana ya Baba Kasongo ilikuwa Umbilo Road, kati ya saluni ya Wakongomani na duka la kutengeneza simu. Kilikuwa chumba kirefu chembamba, mbele fremu zimening'inizwa, katikati meza ya kukatia vioo na kadibodi, nyuma kabisa dirisha moja ambalo chini yake Baba alichorea. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, mfupi, wa miaka hamsini na kitu, mwenye koti la kazi la buluu ambalo nilidhani lilizaliwa na madoa yake. Chakula chetu kilitokana na mabango ya saluni na picha za harusi za kutia fremu, lakini yeye alikuwa mchoraji hasa, na kwa miaka miwili alikuwa akinifundisha nami nichore. Saa saba mchana mkewe alituletea bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi, tukasukuma vioo pembeni tukala juu ya meza ile ile. Yeye alifanya ishara ya msalaba, mimi nikasema bismillahi, na kwa muda wote niliokaa pale hakuna aliyemwuliza mwenzake maswali ya kipumbavu. Jioni nilirudi Chatsworth, nilikopanga chumba cha uani kwa Ma Rukia, mjane wa wale ambao Durban nzima inawaita Wazanzibari.

Ma Rukia hakuwahi kuiona Zanzibar, wala Kiswahili hakukijua zaidi ya salamu. Tulizungumza Kiingereza na Kizulu cha kuokota. Wazee wake walikuwa Wamakua waliokamatwa utumwani, wakaokolewa baharini, wakashushwa Durban na kupewa jina la mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kuishi. Walijenga msikiti wao karibu na ufuo, na baba yake ndiye aliyekuwa akiadhini. Baadaye serikali ya makaburu ikaitaka ardhi ile. Kwa kuwa ilishindwa kuelewa watu weusi Waislamu ni kitu gani, iliwaandika kwenye makaratasi kuwa watu wa Asia na kuwahamishia Chatsworth pamoja na Wahindi. Ma Rukia alinihadithia hayo huku akichambua mchele, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. "Tulilala Waafrika, mntanami, tukaamka Waasia," alisema. Sebuleni kwake kulikuwa na picha moja tu, ya baba yake, mzee mweusi tii mwenye ndevu fupi, ameinua kidevu kidogo kana kwamba mpiga picha alimkatiza neno.

Hajji Sefu tulimjua sote, Watanzania wa Durban. Alikuwa na yadi ya malori Clairwood, karibu na bandari, na alianza kazi hiyo akiwa utingo. Kwa hilo sikumdharau hata siku moja. Nilimdharau kwa alichokifanya na asili yake. Nilipomfahamu mara ya kwanza alikuwa mtu wa Kilwa. Mwaka uliofuata babu yake alikuwa Mwarabu. Halafu alikwenda Istanbuli kwa siku nane, na aliporudi babu alikuwa amegeuka Mturuki, ofisa wa Sultani, ambaye kwa sababu zisizoelezwa aliacha kasri akaja kuuza samaki wakavu Kilwa. Hajji akaongeza neno Osmani nyuma ya jina lake. Na Hajji mwenyewe ni mweusi, mweusi mzuri wa kung'aa, ngozi ambayo mtu mwenye akili angeionea fahari. Alikuwa mtu wa aina ile ambaye akinunua msahafu huuliza kwanza kama jalada lake litaoana na makochi.

Mwanzoni mwa mwaka huo aliingia karakanani na kitabu kikubwa kama meza, nyuma yake Daktari Nasoro. Udaktari wa Nasoro ulikuwa wa mambo ya bandari na ushuru, lakini alikuwa amesoma vitabu viwili kuhusu sanaa ya Kiislamu, na kwa kuwa sisi wengine hatukuwa tumesoma hata kimoja, alikuwa bingwa. Waliweka kitabu chao juu ya meza yetu, karibu na sufuria ya sombe. Hajji alikuwa akijenga ukumbi wa harusi juu ya ghala lake, na alitaka uwe tayari kabla ya Kombe la Dunia, maana aliamini kabisa kwamba wageni watakaochoka na mpira watapanda teksi kwenda Clairwood kutazama masultani.

"Nataka picha kumi na mbili," alisema. "Kubwa. Mtu akiingia ajue yuko kwa nani."

"Hizi ni taswira za ustaarabu wetu," Daktari akaongeza, akifunua kurasa kwa ncha za vidole. "Waosmani walimchora Mwislamu katika utukufu wake."

Baba Kasongo alivaa miwani. "Yenu ninyi, ao ya Waturuki?" aliuliza, bila ubaya wowote. Hajji alicheka kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili.

Walichagua masultani waliokaa juu ya mito, wapanda farasi, madarweshi wanaozunguka, karamu ya kasri. Halafu wakafika kwenye wanawake walio uchi bafuni, na hapo Hajji akapunguza mwendo. Alitaka wawili, wakae upande wa wanaume. Baba aliinama karibu na karatasi, akarudi kurasa za nyuma, akaja tena mbele. "Patron, hii si mukono moja," alisema. "Angalia. Hizi ndogo-ndogo, Waturuki benyewe balichora, na batu bote beko na nguo. Hii ya mwanamuke uchi ilichorwa na Muzungu. Na yeye hakufika mu ile nyumba. Nani angemufungulia mulango?" Alisema kweli, hata kitabu kiliandika hivyo, kama yeyote kati yao angesoma maandishi. Waosmani walipojichora wenyewe walijivika mpaka vidoleni. Ni Wazungu waliowavua. Daktari alikohoa akasema tofauti hiyo ni ya kitaalamu. Wanawake wakabaki kwenye orodha, na chini yao Daktari akapendekeza maneno: Maisha ya Familia Katika Kasri.

Kulikuwa na kurasa ambazo Hajji alizipita upesi kama mtu anayepita makaburini. Zilikuwa picha za maisha ya Mtume, zilizochorwa kwa amri ya Sultani mmoja, na mimi nilipoziona nilifunga macho kweli kweli, kama nilivyofundishwa. "Hizo hapana," Hajji alisema. "Mashehe wataniletea maneno." Si kwamba alimwogopa Mungu. Aliogopa harusi zisije zikapungua. Walipoondoka, Baba alikiacha kitabu wazi kwenye ukurasa ule ule akaendelea kula. Baada ya muda nikatazama. Mtume alikuwa amepanda mnyama, nguo za kijani, na mahali pa uso palikuwa na kitambaa cheupe kitupu, na kuzunguka kichwa mwali wa dhahabu uliopanda juu kama moto wa kuni kavu. Wengine wote walikuwa na nyuso. Yeye peke yake hakuwa nao.

"Ulisema dini yenu inakataza," Baba alisema.

"Inakataza. Hata sijui hawa walithubutu vipi."

"Hawa balikuwa banaogopa," alisema. "Njo maana balifunika. Mutu asiyeogopa angeweka pua na macho, basi." Alipangusa vidole. "Mimi minachora Yesu kila mwaka kwa kanisa, na siogopi. Pengine ni mubaya." Nimesikiliza hotuba nyingi kuhusu sanaa na dini tangu siku ile, nyingine zikitolewa na watu wenye vipaza sauti na chupa za maji, na sijasikia mtu akisema maneno ya maana kuliko yale ya Mkristo aliyekuwa na mafuta ya samaki mkononi.

Tulichora kwa miezi mitatu. Baba alichora watu, mimi nilijaza vigae, mazulia na maua, na kidogo kidogo akaniachia mikono, halafu nyuso za watu wa nyuma. Alinifundisha kuanza uso na kivuli na kwenda taratibu kwenye mwanga. Ukitazama kitu kwa muda mrefu kiasi kile unaanza kuona wasichotaka uone. Nikaona kwamba katika picha za kasri, kila palipokuwa na mtu mweusi alikuwa towashi. Alisimama nyuma ya Sultani, au mlangoni, au kando ya watoto wa mfalme, amevaa vizuri, mnene, mikono imekunjwa. Siku Daktari alipokuja kukagua nilimwuliza habari zake. "Watumishi wa heshima," alisema. "Baadhi yao walikuwa na nguvu kuliko mawaziri." Kwenye karatasi yake ya maelezo alikuwa ameandika Mlinzi Mwaminifu. Mtu alikamatwa mtoto, akakatwa, akavushwa jangwa na bahari kwenda kulinda wake za mwenzake, na Daktari Nasoro, mzaliwa wa pwani ambako watoto hao walipakiwa, alichokiona ni uaminifu. Nilimtazama viatu. Vilikuwa vimesuguliwa sana.

Ndipo nilipompata Bilali. Alikuwa katika zile kurasa zilizorukwa: amesimama juu ya paa la Al-Kaaba, mweusi, mikono masikioni, anaadhini, na watu wa Makka wako chini wanamtazama. Mtume hakuwamo katika picha ile. Nilimweleza Baba habari zake, mtumwa aliyelazwa juani na jiwe kifuani akakataa kukana, halafu siku Makka ilipofunguliwa akaambiwa apande.

"Juu ya nyumba ya Mungu? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Na bale bakubwa?"

"Walikuwa chini."

Baba alisogeza kitabu karibu na dirisha. "Bon," alisema. "Basi iko moja yenye iko juu." Tukamshawishi Daktari, naye akamshawishi Hajji kwamba picha moja ya dini kati ya zile kumi na mbili itawaziba mashehe midomo. Hajji alikubali bila kuitazama. Lakini kwenye kitabu uso wa Bilali ulikuwa mdogo kama punje ya kunde, na ukutani ungekuwa mkubwa kuliko uso wa mtu hai. Baba alitaka mtu wa kumwangalia akichora. Nikamwambia habari ya picha ya Ma Rukia.

Ma Rukia alitukaribisha Jumamosi mchana, akatupikia wali na dali, na akasikiliza ombi letu la kuazima picha mpaka mwisho. Hakujibu siku ile. Wiki nzima alinipitia uani bila kulitaja jambo hilo, kisha asubuhi moja akaja na picha imefungwa kwenye taulo. "Baba yangu si sahaba," alisema. "Mzee wako asimwambie mtu kwamba ni sahaba. Lakini adhana aliadhini, miaka thelathini, na sauti yake ilifika kwenye meli. Mwambie mzee asimnenepeshe." Baba Kasongo hakumnenepesha. Alimchora kwa siku tisa, kidevu kimeinuliwa, mishipa ya shingo imetoka, ngozi nyeusi yenye buluu ndani yake na mwanga wa asubuhi shavuni. Alipomaliza aliandika jina lake kwenye kona ya chini kama kwenye zile nyingine, akanawa mikono, akasema tufunge mapema. Nimetia fremu maelfu ya picha tangu wakati ule. Sijaona nyingine kama ile.

Picha zote zilikuwa zimekwisha kutundikwa Clairwood Baba alipopata habari kwamba kaka yake amefariki Johannesburg. Alisafiri kwenda kuzika, akaniachia funguo za karakana. Siku ya tatu Hajji alinipigia simu niende ukumbini. Nilimkuta peke yake katikati ya viti vyenye vitambaa vya dhahabu, kichwa kimeinuliwa mbele ya Bilali.

"Binti Tanga," alisema, "huyu mtu mbona mweusi hivi?"

"Ndivyo alivyo kitabuni, Hajji. Alikuwa Mhabeshi."

"Kitabuni ni kitabuni. Hapa watu watakuwa wanakula." Alisema bila hasira, kama anayezungumzia harufu ya choo. "Sitaki aondoke, mashehe wameshaambiwa yupo. Aoshwe kidogo tu. Awe kama Waarabu wenzake."

Nilimwonyesha towashi katika picha ya karamu, ukuta wa pili. Nilimwuliza na yule tumfanyeje. Hajji aligeuka, akamtazama kwa haki kabisa. "Yule hana neno," alisema. "Yule yuko kazini."

Ningependa kuandika kwamba nilimtemea mate, au hata kwamba niliondoka. Nilisema mzee hayupo, tumsubiri. Hapo Hajji akavuta kiti akakaa, akaniambia anajua kibali changu kimekwisha tangu mwaka uliopita. Alikuwa anajua, maana Watanzania wote walikuwa wanajua. Nilikuwa mtu wa kuingia duka lolote nikiona gari la polisi kwenye robot, taa za barabarani. Alisema kampuni yake inahitaji karani, na kwamba barua ya mwajiri mwenye malori arobaini haikataliwi. Hakusema barua na picha ni kitu kimoja. Watu kama yeye hawasemi. Alisema tu ufunguzi ni Jumapili ijayo, na mzee, kwa alivyosikia, msiba wake ni wa wiki mbili.

Nilikwenda Jumatatu na Jumanne, mchana, na rangi za Baba. Nilipanda ngazi. Nilichanganya nyeupe, ya udongo na njano kidogo nikapata rangi ya chai yenye maziwa mengi, nikaanza na kivuli chini ya taya kama nilivyofundishwa, nikaenda taratibu kwenye mwanga. Shavu likaenda, shingo ikaenda, paji la uso likaenda. Pua niliipunguza bila kuombwa, kwa sababu haikuoana tena na ngozi. Na hapo ndipo ninapojidharau hasa, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujali kazi. Wafanyakazi wa ghalani walipita na makasha, mmoja wao Mzulu akasimama, akasema, "Eish, dada, mbona unamfuta mtu?" Nikamwambia namtengeneza. Jumanne jioni Hajji alipanda kuona. Alisema sasa anafanana na watu.

Jumapili walikuja watu kama mia mbili. Kulikuwa na biriani, kulikuwa na Wakongomani wa saluni waliokuja kwa ajili ya Baba, na mashehe wawili waliokaa wakiwapa wanawake wa bafuni kisogo lakini shingo zao hazikutulia. Daktari Nasoro alizungumza kwa dakika arobaini. Alieleza jinsi Waosmani walivyowaheshimu watu wa rangi zote, na alipofika kwenye Bilali alielekeza mkono juu bila kugeuka, akasema tazameni, mtumwa juu ya Al-Kaaba, Uislamu hauna rangi. Nyuma yake alikuwa amesimama mtu mweupe mwenye pua nyembamba. Watu walipiga makofi. Waliokuwepo wengi walikuwa weusi kama mimi, Waislamu na Wakristo, na hakuna aliyecheka.

Ma Rukia alikuja na hijabu yake ya hariri ya Idi. Nilikuwa nimemwambia ana homa ya mafua, asije, apumzike; alikuja na mafua yake. Alitembea ukutani picha kwa picha, polepole, akimtafuta. Alipita mbele ya Bilali mara mbili. Kisha alinijia nikiwa nimeshika sinia, akauliza, "Baba yangu yuko wapi?"

"Hajji hakuipenda ile picha, Ma," nilisema. "Walibadilisha."

"Nani?"

"Sijui."

Alitazama juu tena, kwenye kidevu kile kilichoinuliwa, ambacho sikuwa nimekigusa kwa sababu kilikuwa kizuri, na nikaona amekitambua. Aliweka sahani yake mezani, haijaguswa, akatafuta mkoba wake.

Wakati huo huo Baba Kasongo aliingia. Alikuwa ametoka kwenye basi la Johannesburg asubuhi ile, amevaa suti aliyozikia. Alisimama mlangoni, akaona. Sikumwona akikasirika. Alimwomba mfanyakazi ngazi, ikaletwa, akaipanda mbele ya watu wote huku Daktari bado ana kipaza sauti mkononi. Alikaa juu muda mrefu, uso wake karibu sana na uso wa picha, mpaka mazungumzo ukumbini yakafa. Halafu alishuka vidaraja vitatu, akatoa kisu kidogo cha kukatia kadibodi, akakwangua jina lake kwenye kona. Akashuka, akasogeza ngazi kwenye picha ya pili, akakwangua na pale. Alifanya hivyo mara kumi na mbili. Hajji alicheka peke yake, akawaambia wageni wasanii wana mambo yao. Baada ya picha ya tano hakucheka tena, lakini hakumzuia, maana kumzuia kungetaka maelezo. Mwisho Baba alimrudishia mfanyakazi ngazi, akamshukuru kwa Kizulu, akatoka nje akifuatana na Ma Rukia. Niliwaona dirishani wakisimama pamoja kusubiri teksi, bibi wa Chatsworth na mzee wa Lubumbashi, hawana lugha moja kamili kati yao.

Jioni ile nilimwambia Ma Rukia ukweli. Alikuwa jikoni. Alisikiliza, akaniambia nihame mwisho wa mwezi. Kisha kila jioni mpaka siku hiyo ya mwisho aliendelea kunitilia chakula, sahani imefunikwa, mlangoni pa chumba changu, na mafua yalipompata vibaya aliniwekea vile vile. Nilikula, na sijui mpaka leo kama hiyo ilikuwa adhabu. Barua ya Hajji niliichukua. Ilikuwa barua nzuri, na kibali nilipata, na nilikaa Durban miaka minne zaidi kwa karatasi hiyo, karani wa malori, napita chini ya picha zile kila kukiwa na harusi. Wenye dharau hupenda kujiona wamesimama mahali pa juu. Mimi nilijua vizuri nimesimama wapi; nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, nimeshika brashi.

Karakanani sikukanyaga tena mpaka mwaka 2014, wiki niliyokuwa narudi nyumbani. Baba Kasongo alikuwa anapaka bango la saluni, kichwa cha mwanamke mwenye misuko, na nywele zake mwenyewe zilikuwa zimekuwa nyeupe. Aliniambia nikae. Nilimweleza kila kitu: simu, barua, Jumatatu na Jumanne. Alinisikiliza huku akipaka.

"Nilijua tangu ile siku," alisema. "Mukono wa mutu mwenye nilifundisha, namna gani nisijue?"

"Nimekuja kuomba msamaha, Baba."

"Nilipanda ku ngazi nikatafuta fasi moja yenye mukono ulitetemeka," alisema. "Moja tu. Nilitafuta ku macho, ku mudomo, hata nyuma ya sikio. Kama ningeona, ningesema, huyu mutoto balimulazimisha, hakutaka." Alichovya brashi, akaifuta ukingoni mwa kopo. "Hakuna, mwanangu. Ulifanya muzuri sana. Ulifanya muzuri kuliko kazi yote yenye uliwahi kunifanyia."

Alirudi kwenye bango. Alikuwa katikati ya herufi, na nilisimama pale mpaka akaimaliza.